Si Uzee Uuao Mashine, ni Uchafu

Kila masika yanapokwisha, viongozi wa wilaya huanza kuhesabu barabara zilizokatika, kisha huhesabu mashine za kuzitengeneza. Hapo ndipo aibu hutokea. Greda lipo, lakini limelala chini ya mwembe. Katapila lipo, lakini nyasi zimeota katika minyororo yake. Ukiuliza sababu, jibu ni lile lile: mashine imezeeka, na pampu yake ya dizeli imekufa. Twapenda leo kulichunguza jibu hilo, kwa maana ndani yake hupotea fedha nyingi za wananchi.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1947 Serikali ya Kiingereza ilipoanza mpango wake wa karanga huko Kongwa, ilileta matrekta yaliyokuwa mabaki ya jeshi la Marekani, yaliyonunuliwa Ufilipino. Kabla mwaka haujaisha, sehemu kubwa ya matrekta hayo ilikuwa imelala. Ubovu yaliokuja nao, upungufu wa vipuri na uchache wa mafundi waliofunzwa viliungana na ardhi ngumu kuyashinda. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Fundisho lake halijapitwa na wakati: chuma kikubwa bila utunzaji wa kila siku ni mzigo, wala si msaada.

Sisi wenyewe tuliwahi kushuhudia greda moja la zamani, katika wilaya ambayo hatutaitaja, likizimika kila baada ya nusu saa ya kazi. Hukumu ikatolewa kuwa pampu ni mbovu. Ikafunguliwa, ikapelekwa mjini, ikakaa huko majuma sita, ikarudi pamoja na hati ya malipo makubwa. Greda likawashwa, na baada ya nusu saa likazimika vile vile. Ndipo dereva mmoja mzee, ambaye hakuna aliyekuwa amemwuliza neno, alipopanda na kulegeza kifuniko cha tangi. Hewa ikaingia kwa mlio, na punde injini ikawaka. Tundu dogo la kupitishia hewa katika kifuniko lilikuwa limezibwa na tope. Kwa ajili ya tope hilo, wakulima walikaa na mahindi yao majuma sita bila njia ya kuyafikisha sokoni.

Basi, yatupasa kufuata utaratibu gani? Injini ya dizeli ya zamani ina jema moja kubwa: haina kompyuta. Mafuta huvutwa kutoka tangini na pampu ndogo, hupita katika machujio, huingia pampu kuu, nayo huyasukuma kwa nguvu nyingi hadi kwenye nozeli. Fundi na ayafuate mafuta katika njia hiyo hiyo, akianzia tangini. Ahakikishe kwanza kuwa mafuta yamo, kwamba bomba la tangi halikufungwa, na kwamba kizimio kimerudi mahali pake. Kisha atazame moshi wakati wa kuwasha. Ikiwa hapana moshi wowote, yamkini mafuta hayafiki; ukitoka moshi mweupe na injini isishike, mafuta yanafika lakini hayaungui. Injini inayonguruma vizuri bila mzigo, ikaishiwa nguvu kilimani, humwelekeza kwenye chujio la dizeli. Na ikitoa moshi mweusi, afungue chujio la hewa kabla hajaigusa pampu.

Hewa ndiyo mwizi mwenye hila. Huingia kwa mpira uliopasuka au kiungo kilicholegea kati ya tangi na pampu ndogo; na kwa kuwa hapo mafuta huvutwa wala hayasukumwi, huenda lisidondoke hata tone moja la kumwonyesha fundi. Mashine huwaka, hukohoa, hufa. Kipimo chake ni rahisi: pampu ndogo ifungiwe mpira mzima unaovuta kutoka katika debe safi la dizeli, hewa itolewe, kisha injini iwashwe. Ikifanya kazi vizuri, pampu haina hatia. Kosa liko nyuma yake.

Hapa twatoa onyo. Mtu asipapase kwa mkono mabomba ya nozeli akitafuta panapovuja. Mafuta hayo hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi, na jeraha dogo kama la sindano laweza kumpotezea mtu mkono. Atumie kipande cha karatasi ngumu, na aliyechomwa apelekwe hospitali mara moja.

Lakini asili ya maradhi mengi ni uchafu na maji. Nafasi iliyopo kati ya vyuma vya ndani vya pampu kuu ni sehemu chache tu za elfu za milimita. Chembe ya mchanga huvikwaruza, na maji huvitia kutu. Tangi likiachwa nusu usiku, unyevu wa hewa hugeuka maji ndani yake, na vijidudu huota pale maji yanapokutana na dizeli, vikaacha utelezi unaoziba machujio. Kwa hiyo tangi lijazwe jioni, maji yatolewe chini yake asubuhi kabla ya kuwasha, na pipa lililobingirishwa liachwe litulie, wala lisinyonywe mpaka chini.

Kuna na jambo la siku hizi. Tangu mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Ni heri kwa mapafu ya watu. Hata hivyo, Marekani ilipopunguza salfa mwaka 1993, baadhi ya pampu za zamani zilianza kuvuja, kwa kuwa mipira yake ya kuzuia mafuta ilinywea. Pampu ya namna hiyo yahitaji mipira mipya, haihitaji kaburi.

Twasema nini basi? Twasema fedha ya pampu mpya isitolewe kabla ya kuonyeshwa daftari kuwa kifuniko, mabomba na machujio vimekaguliwa. Bohari zisikose machujio, kwani ni ajabu kumwona mkubwa akisita kulipia chujio, kisha akatia sahihi ya pampu bila kupepesa macho. Dereva aulizwe kwanza, maana ndiye ashindaye na mashine mchana kutwa. Nasi wafanyakazi tusijitoe lawamani: auzaye dizeli ya umma na kujaziliza tangi kwa maji au mafuta ya taa haibi mafuta tu, aiba barabara ya kijiji kizima.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu leo ni tundu la kifuniko. Na uzibuliwe.