Mhariri Aliyeachishwa Kazi na Mhakiki Aliyenyamaza

Ipo imani iliyoota mizizi katika idara zetu kwamba fasihi huanzia kwa mwandishi na kukomea kwa mhakiki. Kampuni ya uchapishaji inapotangaza kwamba inajipanga upya, na wahariri wakaachishwa kazi, tunalihesabu jambo hilo kuwa la wahasibu na vyama vya wafanyakazi. Makala haya yanaupinga msimamo huo.

Tuitazame historia. Heinemann ya London ilianzisha African Writers Series mwaka wa 1962, na Chinua Achebe akawa mshauri wake wa kwanza wa uhariri. Mwaka wa 1982 Nigeria, soko kuu la mfululizo huo, ilibana fedha za kigeni. Mwaka uliofuata kampuni mama ikanunuliwa na BTR, shirika la viwanda. Vitabu vipya vikapunguzwa, na mwaka wa 1984 James Currey, aliyekuwa akiusimamia mfululizo, akaondoka. Hakuna mhakiki aliyethibitisha kwamba vipaji vimekwisha barani. Uamuzi ulipitishwa na wasoma mizania. Hata hivyo, wapo miongoni mwetu wanaoizungumzia riwaya ya miaka hiyo kana kwamba hali yake ilitokana na mtindo na maudhui tu.

Hapa Kenya, tangu mwaka wa 2018 Serikali ilipoanza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji, kampuni ambayo kitabu chake hakikuteuliwa hupoteza soko kubwa kwa mkupuo mmoja. Inapolazimika kupunguza watu, fasihi ya ubunifu haina mtetezi, kwa kuwa diwani isiyotahiniwa hailipi mishahara.

Atakayejibu kwamba kampuni iliyofilisika haichapishi chochote atakuwa amesema kweli, ila nusu yake. Mhariri ndiye mhakiki wa kwanza. Ndiye anayeusoma mswada ungali mbichi, akamrudishia mwandishi sura iliyolegea, akaitetea lahaja ya Kimvita dhidi ya anayetaka kuisanifisha. Akiondoka yeye, mswada huenda mtamboni na kasoro zake, nasi tukamlaumu mwandishi peke yake.

Kwa hivyo tunadai mambo mawili. Kwanza, historia ya fasihi ifundishwe pamoja na historia ya wachapishaji na wahariri wake. Pili, kampuni inapowapunguza wahariri, idara zetu zitoe kauli hadharani kuhusu hasara inayoipata fasihi. Kunyamaza kwetu nako ni kuidhinisha.