Anayedai kuijua saa ya Mungu, akiwa na jeshi



Leo ni Dominika ya 33 ya Mwaka B, na Injili yetu ni ile ya Marko sura ya 13: jua kutiwa giza, nyota kuanguka, Mwana wa Mtu kuja mawinguni. Wiki ijayo ni Kristo Mfalme, kisha tunaingia Majilio. Kila mwaka Kanisa linapofunga kalenda yake hutusomea habari za mwisho, na kila mwaka baada ya Misa kuna waamini wanaonisubiri nje na simu mkononi. Safari hii wamekuwa wengi. Mmoja ana video ya mhubiri na ramani ya Mashariki ya Kati iliyojaa mishale myekundu. Mwingine katumiwa sauti inayosema Gogu na Magogu wameshajipanga (hapa Ugogoni jina hilo huleta utani kwanza, hofu baadaye). Swali ni lile lile: Baba Padri, vita hii ya Gaza ndiyo yenyewe?

Ninawarudisha kwenye mstari wa mwisho wa somo la leo, ambao wahubiri wa ramani huuruka. Yesu anasema siku hiyo na saa hiyo haijulikani, malaika hawaijui, na hata Mwana haijui, ila Baba peke yake. Mistari michache kabla ya somo letu kuanza, katika sura hiyo hiyo, anasema pia kwamba tutasikia habari za vita, na kwamba ule mwisho bado. Wazee wetu walilipata somo hilo kwa njia ngumu. Kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo ilipigwa na njaa iliyoitwa Mtunya. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipita hapa yakichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha mvua zikakatika. Watu walikufa kwa maelfu mengi kwa ajili ya vita ambayo hawakuianzisha. Kama kuna kizazi kilichokuwa na haki ya kusema dunia imekwisha, ni kile. Lakini walionusurika walipanda tena uwele, na sisi tumezaliwa.

Basi hofu ya mwamini wa Chamwino mwenye simu hainisumbui sana. Yeye hana jeshi. Ninachotaka tukitafakari leo ni hali ya mtu anayeamini anaijua ratiba ya Mungu huku ana bunduki, au ana kura ya kupeleka bunduki mahali. Mwaka 2024 jambo hili lilikaribia. Donald Trump, aliyechaguliwa tena tarehe 5 Novemba 2024, wiki iliyofuata alitangaza kwamba balozi wake nchini Israeli angekuwa Mike Huckabee, aliyewahi kuwa gavana wa Arkansas na kabla ya hapo mchungaji wa Kibaptisti, ambaye Ukingo wa Magharibi huuita kwa majina ya Biblia, Yudea na Samaria. Siwezi kujua yaliyo moyoni mwa mtu. Nitarudi huko. Lakini nianze na ya majirani zetu, ambayo yamekwisha kutokea na matunda yake yanahesabika.

Jeshi la serikali iliyoangushwa na Yoweri Museveni mwezi Januari 1986 lilikuwa lile lile lililoingia Kampala mwaka 1979 pamoja na wanajeshi wetu. Askari wake wengi walikuwa Waacholi. Waliposhindwa walirudi kwao kaskazini na silaha zao, na baadhi yao na damu ya raia wa Luwero mikononi. Wazee hawakujua wawafanyie nini vijana hao. Jeshi jipya likawafuata, kukatokea mauaji na wizi wa ng'ombe, na Waacholi wakaona dunia yao imebomoka. Hapo ndipo Alice Auma, mwanamke aliyekuwa na miaka kama 30, aliyesema ameshukiwa na roho aitwaye Lakwena, yaani mjumbe, alipoanzisha jeshi mwezi Agosti 1986.

Tusimcheke haraka. Aliwapa vijana wale kitu ambacho serikali, wazee na hata makanisa walikuwa wameshindwa kuwapa, yaani utakaso. Alizichoma hirizi zao. Aliwakataza pombe, sigara, wizi na uzinzi. Walikuwa na amri 20. Walipakwa mafuta ya shea, wakaenda vitani vifua wazi wakiimba nyimbo za kanisa, wakiamini risasi haziwapati na mawe wanayorusha yatalipuka kama mabomu. Msomaji wa Tanzania keshamkumbuka Kinjikitile na maji ya Ngarambe, 1905.

Lakini tazameni upande wa pili wa mafundisho yake, maana sumu ilikuwa huko. Vita ilikuwa ndiyo hukumu. Aliyekufa alikufa kwa kuwa alivunja amri, na aliyepona alikuwa safi. Kwa hesabu hiyo hakuna kushindwa kokote kungeweza kuonyesha kwamba fundisho ni la uongo. Kila maiti ilithibitisha unabii. Walifika mpaka karibu na Jinja mwishoni mwa 1987, wakakutana na mizinga. Maelfu walikwisha kufa njiani. Alice alikimbilia Kenya, akafia katika kambi ya wakimbizi mwezi Januari 2007.

Aliyeokota vipande ni Joseph Kony, naye akidai kuongozwa na roho, naye akisema anataka Uganda itawaliwe kwa Amri Kumi. Amri ya tano inasema nini kila mtoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza anajua. Vijana wa kujitolea walipokwisha, aliteka watoto. Usiku mmoja wa Oktoba 1996 watu wake waliingia katika shule ya masista ya Mtakatifu Maria huko Aboke wakachukua wasichana 139. Sista Rachele Fassera aliwafuata porini kwa miguu, akabembeleza, akapiga magoti, akarudi na 109. Wale 30 walibaki. Kabla mambo hayajatulia kaskazini ya Uganda, zaidi ya watu milioni moja na nusu walikuwa wakiishi kambini, wengine wakifia humo kwa magonjwa. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata Kony. Mwezi Aprili 2008, baada ya mazungumzo ya Juba ya karibu miaka miwili, wajumbe walimsubiri Ri-Kwangba aje kusaini. Hakutokea. Hati ile ilikuwa sababu mojawapo, tuwe wakweli. Ila mtu aliyezoea kusikia kwamba anapigana vita ya Mungu, utamshawishije agawane na adui nusu kwa nusu?

Wapo wanaosema haya ni mambo ya wasiosoma. Huko huko Uganda, upande wa Kanungu, mamia walikufa kwa moto tarehe 17 Machi 2000, baada ya mwisho wa dunia waliotabiriwa kwa kufunga mwaka 1999 kupita kimya. Miongoni mwa viongozi wa kundi lile alikuwepo padri, Dominic Kataribabo, aliyesoma hadi Marekani. Seminari haimchanji mtu dhidi ya ugonjwa huu.

Na ukiwa na nyuklia? Tarehe 21 Oktoba 1984, katika mdahalo wa uchaguzi, mwandishi mmoja alimuuliza Rais Ronald Reagan kuhusu Har-Magedoni, kwa sababu alikuwa amelizungumzia mara kadhaa kana kwamba liko karibu. Reagan alijibu kwamba ameyajadili na watu wa dini kama mawazo, kwamba hakuna ajuaye kama ni miaka elfu moja ijayo au kesho kutwa, na kwamba hajawahi kupanga mambo ya nchi kwa kufuata hilo. Mwezi Desemba 1987 alikaa na Mikhail Gorbachev wakasaini mkataba wa kufuta makombora ya nyuklia ya masafa ya kati. Mwezi mmoja kabla yake wafuasi wa Alice walikuwa wakianguka karibu na Jinja. Wote wawili waliamini dunia ina mwisho, hata mimi naamini, tunaikiri kila Jumapili katika Nasadiki. Mmoja alikubali kwamba saa haijui, na kwa kuwa haijui, ilibidi azungumze na adui kama mtu atakayekuwa jirani yake mwaka ujao.

Sasa Yerusalemu. Mafundisho yanayozunguka kwenye simu zetu yana umri. Yalienezwa kuanzia miaka ya 1830 na John Nelson Darby, mchungaji aliyejitenga na Anglikana ya Ireland, na yakapata nguvu Marekani kwa Biblia ya Scofield ya mwaka 1909, ambayo maelezo yake ya chini ya ukurasa watu waliyasoma kama Maandiko yenyewe. Ndani yake kuna unyakuo wa waamini kabla ya dhiki kuu, Wayahudi kurudi katika nchi yao yote, vita kubwa, na miaka elfu ya Kristo. Ukiamini hivyo, kila ekari inayochukuliwa Ukingo wa Magharibi ni saa inasogea. Tarehe 14 Mei 2018 Marekani ilipofungua ubalozi wake Yerusalemu, waliosalisha ni Robert Jeffress na John Hagee, wahubiri wakubwa wa mkondo huo. Siku hiyo hiyo, penye uzio wa Gaza, Wapalestina wapatao 60 waliuawa.

Upande wa pili nako wapo wenye ratiba. Dola ya Kiislamu ililiita jarida lake Dabiq, kwa jina la mji mdogo wa Syria ambako waliamini vita ya mwisho itapiganwa. Walipofukuzwa mjini hapo Oktoba 2016 walikuwa wameshatafuta jina jingine, wakaendelea kuua. Mwaka 1984 Israeli yenyewe iliwakamata Wayahudi waliopanga kulipua Kuba ya Mwamba. Mwaka 1969 Mkristo kutoka Australia alikuwa ameuchoma moto Msikiti wa Al-Aqsa akitaka kumharakishia Bwana njia.

Sisemi vita ya Gaza imeletwa na unabii. Inatokana na ardhi, na usalama, na kisasi cha miaka mingi. Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas waliua watu takribani 1,200, wakiwemo vijana wetu wawili wa Kitanzania waliokwenda Israeli kujifunza kilimo. Mwili wa mmoja haukurudi mpaka mwaka 2025. Kufikia Novemba 2024 Gaza walikuwa wamekufa zaidi ya 43,000 kwa hesabu ya wizara ya afya ya huko. Unabii unaongeza kitu kimoja tu, nacho kinatosha: unamfanya mtazamaji wa mbali afurahie. Nimesikia Wakristo wa Dodoma, watu wema wenye kutoa zaka, wakisema afadhali iwake, Bwana anakaribia. Kijana aliyetoka kwetu kwenda kujifunza kulima, katika hadithi hiyo yeye ni nani?

Wakristo wa Nchi Takatifu walishasema. Mwezi Agosti 2006 Patriaki wa Kilatini Michel Sabbah, pamoja na viongozi wa Waothodoksi wa Siria, Waanglikana na Walutheri wa Yerusalemu, walitoa tamko la kuyakataa mafundisho hayo, kwa kuwa yanaifanya Injili itumikie ukoloni na vita. Tamko hilo halifiki kwenye simu. Parokia pekee ya Kikatoliki iliyoko Gaza, Familia Takatifu, Baba Mtakatifu Fransisko alikuwa akiipigia simu karibu kila jioni hadi alipofariki mwaka 2025. Humo walikuwa wakihesabu maji na unga.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 675 na 676, inafundisha kwamba kabla ya ujio wa Bwana Kanisa litapita katika jaribu la mwisho, na kwamba udanganyifu wa Mpingakristo huonekana kila mtu anapodai kuutimiza ndani ya historia utimilifu ambao ni wa Mungu baada ya historia. Ubaya mkubwa zaidi, inasema, ni pale jambo hilo linapovaa sura ya siasa. Mtu hukwepa hatari hii si kwa kuacha kuitumaini siku ya Bwana. Wathesalonike waliitumaini kupita kiasi, na Paulo hakuwaambia waache. Aliwaambia warudi kazini, wale chakula chao wenyewe. Kwetu neno hilo lina bei yake, maana tuna msimu mmoja tu wa mvua. Mibuyu imeanza kuchipua, mashamba ya Bahi na Kongwa yanasafishwa. Mhubiri anayewaambia watu mwaka huu ni wa mwisho anakula mavuno ya Mei.

Tarehe 27 Novemba 2024 tulichagua viongozi wa vijiji, vitongoji na mitaa. Wagombea walipita makanisani na wengine waliombewa kama wapakwa mafuta. Aombewe, ni vizuri. Kisha aulizwe habari za kisima na josho.

Nimalizie Gulu. Watoto wa vijijini, wakiogopa kutekwa na watu wa Kony, walikuwa wakitembea kila jioni kwenda kulala mjini, kwenye vibaraza na viwanja vya hospitali. Mwaka 2003 Askofu Mkuu John Baptist Odama, pamoja na viongozi wenzake Waanglikana, Waothodoksi na Waislamu, walichukua magunia yao wakaenda kulala nao chini kwa siku kadhaa, kwenye stendi ya mabasi. Walishakwenda porini kuzungumza na waasi, na serikali ikawashuku kwa hilo. Asubuhi watoto waliamka, wakarudi vijijini kwa miguu, na jioni wakaja tena.