Baada ya Upasuaji wa Masikio: Mtoto Anarudi Nyumbani, Nasi Tunaanza Wajibu Wetu

Kila mwaka, tarehe 3 Machi, dunia huadhimisha Siku ya Usikivu. Katika taarifa yake ya mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu zaidi ya milioni 430 wanaishi na upungufu wa usikivu unaohitaji huduma, na kwamba kwa watoto takriban asilimia 60 ya matatizo hayo yangeweza kuzuilika. Nyuma ya takwimu hizo kuna familia, na baadhi ya familia hizo ni jirani zetu hapa Uwanda wa Makonde.

Nchi yetu ilipiga hatua kubwa mwezi Juni 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza kupandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto waliozaliwa viziwi au waliopoteza usikivu mapema. Kabla ya hapo, wagonjwa walipelekwa nje ya nchi, hasa India, kwa gharama kubwa zaidi. Ni jambo la kumshukuru Mungu na kuwapongeza madaktari wetu. Hata hivyo, familia ya Kitangari, Newala au Masasi inabaki na swali zito: mtoto akisharejea kutoka Dar es Salaam, ataishije miaka kumi au ishirini ijayo?

Ili kulijibu, yafaa kwanza kuelewa kifaa chenyewe. Sehemu moja hupandikizwa chini ya ngozi nyuma ya sikio, na uzi wake mwembamba huingizwa katika koklea, yaani sehemu ya sikio la ndani yenye umbo la konokono. Sehemu ya pili huvaliwa nje: hunasa sauti, huichakata na kuipeleka ndani, ambako mshipa wa fahamu husisimuliwa kwa umeme mdogo. Kifaa huwashwa wiki chache baada ya upasuaji, kidonda kikishapona. Siku hiyo wazazi wengi hutazamia muujiza, lakini mtoto husikia kelele asizozielewa. Ubongo wake unapaswa kujifunza kwamba sauti ile ni mvua, ile ni jogoo, na ile nyingine ni mama akimwita.

Mafunzo hayo huchukua miaka. Yanahitaji mtaalamu wa usikivu wa kurekebisha kifaa mara kwa mara, mtaalamu wa tiba ya usemi, na wazazi wanaozungumza na mtoto kila siku. Umri nao una uzito: watoto wanaopandikizwa mapema, hasa kabla ya kutimiza miaka mitatu, huwa na nafasi nzuri zaidi ya kujenga lugha ya kusema. Wengi wao husoma katika shule za kawaida na kujitegemea ukubwani, ingawa huendelea kupata shida ya kusikia penye kelele na huchoka kwa jitihada ya kusikiliza. Aliyezaliwa kiziwi akapandikizwa ukubwani hunufaika kidogo zaidi. Ndiyo maana kuchelewa kumpima mtoto ni hasara isiyofidika kirahisi.

Hapa ndipo mazingira yetu yanapotupima. Kutoka Kitangari hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilometa 500, na kila hudhurio la kliniki hudai nauli, malazi na siku za shamba zilizopotea. Betri hutumika kila siku. Waya hukatika, na sehemu ya nje huchakaa na kuhitaji kubadilishwa baada ya miaka kadhaa. Mapato ya mkulima wa korosho huja kwa msimu, lakini mahitaji ya kifaa hayangoji msimu. Kifaa kikizimika na kuwekwa kabatini, mtoto hurudi katika ukimya, na gharama yote ya awali hupotea. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatupa tumaini. Haki inadai kwamba utekelezaji wake uzingatie pia marudio, vipuri na tiba ya usemi.

Injili ya Marko, sura ya saba, inasimulia jinsi Yesu alivyomponya kiziwi kwa neno moja: Efatha. Kabla ya hapo, watu ndio waliomleta, naye Bwana alimtenga kando na umati, akamgusa, akamshughulikia yeye binafsi. Mtakatifu Fransisko wa Sales, ambaye Kanisa linamheshimu kama msimamizi wa viziwi, alimfundisha imani kijana kiziwi kwa njia ya ishara. Mifano hiyo inatukumbusha kwamba utu wa kiziwi haupimwi kwa kifaa alicho nacho. Wapo wasiofaa kufanyiwa upasuaji, wapo waliochelewa, na wapo wanaoishi kikamilifu kwa lugha ya alama. Wote ni wana wa Mungu na wana haki ya katekisimu, sakramenti na shule.

Basi, Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zina kazi mahususi. Tumshauri mzazi wa mtoto asiyeshtuka kwa sauti ampeleke hospitali mapema, badala ya kumwambia angoje. Watoto wapate chanjo, na sikio linalotoa usaha litibiwe na wahudumu wa afya. Jumuiya iweke akiba ndogo wakati wa mauzo ya korosho, isaidie nauli na betri. Makatekista na walimu, wakiwemo wanaoandaliwa katika chuo cha ualimu hapa Kitangari, wajifunze misingi ya lugha ya alama na wamketishe mtoto huyo mbele, mahali anapoona midomo ya anayesema.

Daktari hufanya kazi yake kwa saa chache. Kazi iliyobaki ni ya miaka mingi, nayo imekabidhiwa kwetu. Tumsifu Yesu Kristo.