SKURUBU MOJA ISITUFANYE TUTUPE KITI

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kunisoma, hebu inuka kidogo. Geuza kiti ulichokalia, uhesabu matundu ya skurubu, kisha uzihesabu skurubu zenyewe. Ikiwa hesabu hizo mbili ni sawa, wewe una bahati, au basi si mwanafunzi wa shule yetu.

Nasema skurubu kwa kuwa ndivyo tusemavyo mitaani. Mwalimu wetu wa Kiswahili hutusahihisha kuwa ni parafujo. Haidhuru. Iite utakavyo, ikipotea kiti hakikaliki.

Nyuma ya maabara yetu kuna rundo la viti ambalo kila mtu hulipita akidhani ni kuni. Muhula uliopita, mimi na mwenzangu tulivihesabu wakati wa michezo. Vilikuwa 23. Vilivyovunjika mbao kabisa vilikuwa 9. Vile 14 vilivyobaki havikuwa na ugonjwa wowote ila kukosa skurubu, kimoja 2, kingine 1 tu! Na muhula huo huo, msichana mmoja anayetoka mtaani kwetu alikaa nyumbani wiki nzima, kwa sababu mama yake hakuwa na pesa za kumnunulia kiti cha kujia nacho shuleni. Ama kweli, penye miti hapana wajenzi.

Huenda ukauliza, huyu msichana amejulia wapi mambo ya useremala? Mie sikuyajua. Nilifunzwa na meza.

Mama hufanya kazi ya usafi katika nyumba moja hapa Malindi. Wenye nyumba walipoiuza mwaka jana wakarudi kwao Ulaya, walimpa meza ya kusomea. Ililetwa kwa tuktuk ikiwa vipande vipande: mbao 5 bapa, na skurubu ndani ya kopo la jemu. Zilitakiwa 16, kopo lilikuwa na 11. Hata hivyo nilifurahi mno, maana tangu darasa la kwanza nilikuwa nikisoma nimelala kifudifudi kitandani. Kaka yangu akasema, "Hii kazi ndogo," akatwaa nyundo na misumari. Msumari wa kwanza ulipoingia ubavuni mwa ubao, ubao ukafumuka kama mkate mkavu. Mama hakusema neno, aliingia jikoni tu. Mie nikalia.

Kesho yake niliubeba ubao ule hadi kwa seremala mmoja mzee.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nani aliyempiga huyu?"

Alinieleza kwamba mbao za samani hizi za kuunganisha nyumbani si mti uliopasuliwa kama mvule au mwembe. Nyingi ni vipande vidogo na vumbi la mbao vilivyoshinikizwa kwa gundi. Msumari ukiingia pembeni huvisukuma vikaachana, lakini skurubu yenye meno mapana huvikamata. Kisha akaniuliza, "Umekuja na skurubu moja nzima?" Sikuwa nayo. Akanirudisha nyumbani niilete.

Hilo ndilo somo la kwanza: usiende dukani na maneno, nenda na mfano. Skurubu inayotumika sana katika samani hizi ina unene wa milimita 7 na urefu wa milimita 50, na kichwani ina tundu la pembe sita. Ukiwa na moja mkononi, muuzaji ataipima na zake, hamtabishana. Nilinunua 5 kwa shilingi 50. Pesa hizo hazinitoshi hata nauli ya tuktuk kwenda mjini na kurudi.

Ubao uliofumuka nao ukatibiwa. Babu aliutia gundi, akaubana usiku kucha. Kulipokucha alitoboa shimo la milimita 8, akapachika kigingi cha mti chenye gundi. Kilipokauka akatoboa tundu jembamba katikati yake. Skurubu ikapata mti wa kuuma. Mama alimpelekea mahamri.

Msidhani kigingi ni jambo geni kwetu. Mtepe, jahazi la kale la visiwa vya Lamu, haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishikizwa kwa vigingi na kushonwa kwa kamba za makumbi. Kamba ikichakaa, ulishonwa upya ukarudi baharini. Ulaya nako, Michael Thonet wa Vienna alitoa kiti chake namba 14 mwaka 1859. Kilikuwa na vipande 6 vya mbao, skurubu 10 na nati 2, na viti 36 vilivyofunguliwa vilienea katika sanduku la mita moja ya ujazo. Maana yake ni nini? Kitu kilichofungwa kwa skurubu kiliundwa kifunguliwe na kufungwa tena. Anayekitupa kwa kukosa skurubu hajakielewa.

Wapo watakaonipinga. Wa kwanza watasema viti ni mali ya shule, si kazi yetu. Sawa, lakini anayeanguka navyo ni nani? Wa pili watasema hiyo ni kazi ya wavulana. Hao nawaomba waende wakatazame meza yangu. Wa tatu watasema vingine havitengenezeki, nao nakubaliana nao. Ubao wa vumbi ukishanywa maji ukavimba, haurudi tena. Huo tuuache.

Kwa heshima na taadhima, naupendekezea uongozi wa shule kila darasa lipewe bisibisi, spana na kopo la skurubu zilizopakwa zinki, kwa sababu hewa yetu ya chumvi hula chuma upesi. Kila Ijumaa baada ya usafi, tutumie dakika 10 kukaza zilizolegea. Skurubu haipotei ghafla, hulegea kwanza, nasi tunaisikia ikilia tukinyamaza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mimi na mwenzangu, kwa ruhusa ya mwalimu wa zamu, tumekwisha tengeneza viti 3 kwa pesa zetu za maandazi. Kimoja anakikalia yule msichana. Vimebaki 11 nyuma ya maabara, na maandazi yetu yamekwisha. Nani atatuunga mkono?