LEO BATA, KESHO MICHANGO: MASTAA WETU MTAZEEKEA WAPI?

Wadau, leo naongea ukweli, wa kununa na anune.

Kuna staa mmoja wa filamu, jina kapuni. Enzi zake alikuwa hashikiki: kila wikiendi bata, gari la kukodi la kupigia picha. Viwanja vyote vya mji alivijua, ila hana hata kimoja chenye hati. Sasa hivi anachangiwa hela ya matibabu.

Simcheki, inauma. Kinachouma zaidi ni kuona chipukizi wanapita njia ileile na sisi tunawapigia makofi. Anayepanda daladala na kubeba msosi wa nyumbani tunamwita bahili!

Sikieni. Msanii hana bosi wa kumkatia michango, lakini NSSF inapokea hata tuliojiajiri. Kupata pensheni ya uzee unatakiwa uwe umechangia miezi 180, yaani miaka 15, na kustaafu kwa hiari ni kuanzia miaka 55. Unataka kupumzika mapema zaidi? Basi jiwekee na akiba yako pembeni, mfano vipande vya UTT AMIS, ikuvushe mpaka ufike 55.

Msiniambie hela hakuna. Buku kumi ya bia kila siku ni 3,650,000 kwa mwaka. Mnainywa!

Ustaa una mwisho jamani, tumbo halina. Ukiwa na miaka 25 leo, miezi 180 inaisha ukiwa na 40. Ukianza 45, je?

Wewe umeshaanza, au unasubiri tukuchangie? Dondosha komenti.