Kitambi si Cheo

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika jarida letu niseme na wenzangu habari ya jambo ambalo kila mmoja wetu huliona afisini mwake, lakini mkutanoni hatulitaji ila kwa mzaha. Nalo ni unene unaotujia sisi makarani tunapokaribia umri wa makamo. Twadai mshahara, nyumba na likizo, na kudai ni haki yetu. Lakini kiinua mgongo kitamfaa nini mtu ambaye moyo na miguu yake imechoka kabla ya siku ya kukipokea?

Sisemi kama tabibu. Mimi ni karani kama ninyi, umri wangu miaka 38, na hesabu nitakayoitoa hapa ni ya mwili wangu mwenyewe. Nilipoingia kazini nilikuwa na miaka 24 na uzito wa kilo 64. Miaka 12 baadaye nilipanda mizani ya zahanati nikaona kilo 88. Kwanza nilidhani mizani ni mbovu. Kisha nikarudi mezani pangu, nikashika kalamu, nikapiga hesabu kama nizipigavyo zile za kazi: kilo 24 kwa miaka 12 ni kilo 2 kwa mwaka, yaani gramu 5 na nusu tu kwa siku. Huo ni uzito wa kijiko cha chai cha sukari na zaidi kidogo! Sikumbuki siku niliyokula kwa ulafi wa kuaibisha. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba changu kilijazwa nikiwa nimeketi kitini.

Wengi husema, "Ni umri, Bwana, mwili wa miaka arobaini hautumii chakula kama wa kijana." Mimi pia nilijikinga kwa neno hilo. Lakini mwaka 2021 wataalamu waliochunguza watu zaidi ya 6,400 wa nchi 29 walitangaza kwamba, ukiisha kuzingatia ukubwa wa mwili wa kila mtu, nguvu inayotumiwa na mwili haipungui baina ya miaka 20 na 60. Basi tusiusingizie umri. Kilichobadilika ni maisha yetu. Mtu akipandishwa daraja, chai huletewa mezani, majalada huletewa mezani, na pikipiki humngoja mlangoni. Lakini sahani yake imebaki ile ile ya kijana aliyekuwa akilima shamba la shule na kucheza mpira kila jioni.

Nilipokwisha kuona hesabu yangu, nilifanya kosa la pili, nalo ni haraka. Kwa wiki tano nilikula matunda na supu tu. Nilipungua kilo 7, na wenzangu walinisifu sana. Baada ya miezi minne nilikuwa na kilo 89, yaani nimerudishiwa zote na moja juu yake kama riba. Niliona haya, nikadhani mimi ni mtu dhaifu wa nia. Baadaye nilisoma habari za uchunguzi uliofanywa Australia na kutangazwa mwaka 2011: watu 50 wanene walipunguzwa kwa haraka kwa muda wa wiki 10, na mwaka mzima ulipopita, vichocheo vya damuni vinavyoleta njaa vilikuwa havijarudi katika hali yake ya kwanza. Yaani mwili huudai uzito wake kama mdai asiyesahau deni. Kwa sababu hiyo, mwenzetu akipungua na kunenepa tena, tusimcheke. Afadhali tumwulize kama njia aliyoishika ni njia ambayo angeweza kuishika hata mwaka wa tano. Kama siyo, basi haikuwa njia.

Mara ya pili nilianza kwa mambo madogo, moja moja. La kwanza lilikuwa chai. Nilikuwa nikinywa vikombe vitano kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Jumla vijiko 15, kama gramu 60. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ni bora sukari ya kutiwa katika chakula na vinywaji isizidi gramu 25 hivi kwa siku. Sikuiacha siku moja. Nilitoa kijiko kimoja, nikangoja ulimi uzoee, kisha nikatoa cha pili. La pili lilikuwa maandazi ya saa nne; badala yake nala yai la kuchemsha au ndizi. La tatu lilikuwa ugali wa jioni: nilipunguza tonge, nikazidisha mchicha, na maharage na dagaa nikayaacha palepale, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoshibisha hata asubuhi. Harusini nala pilau kama watu wote, lakini sahani moja.

La nne lilikuwa miguu. Nashuka garini vituo viwili kabla ya afisi, na jioni natembea vivyo hivyo. Hapa lazima nionye, kwani wapo wadhanio kwamba kutembea peke yake kwatosha. Mwaka 2012 ilitangazwa habari ya Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, ambao huwinda na kuchimba mizizi, na kutembea mwendo mrefu kila siku. Walipopimwa, ilionekana kwamba, kwa kadiri ya miili yao, nguvu waitumiayo kwa siku haikuzidi ya watu wa Ulaya na Marekani. Kwa hiyo uzito hupunguzwa zaidi sahanini. Lakini mguu una faida yake nyingine. Mwaka 1953 matabibu wa Uingereza walionyesha kwamba madereva wa mabasi ya London, waliokaa siku nzima, waliugua moyo kuliko makondakta waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi za mabasi hayo hayo. Waliwalinganisha pia wagawaji wa barua na makarani wa Serikali, na walioshindwa ni sisi tunaokaa. Miaka mitatu baadaye walitazama vipimo vya sare, na suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni. Nani kati yetu hajamwendea fundi cherehani kwa shauri hilo?

Leo, baada ya mwaka mmoja na nusu, nina kilo 79. Kiuno changu kilikuwa sentimita 104, sasa ni 92. Kipimo rahisi ni kwamba kiuno kisifike nusu ya kimo cha mtu. Kimo changu ni sentimita 172, basi bado nina kazi. Lakini hatuhitaji kurudi katika miili ya ujana wetu. Katika uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2002, watu waliokuwa karibu kupatwa na kisukari, wengi wao wa makamo, waliagizwa wapunguze asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi kama kutembea kwa dakika 150 kwa wiki. Hatari ya kupatwa na ugonjwa huo ilipungua kwa asilimia 58, kuliko waliopewa dawa. Kwa mtu wa kilo 90, hizo ni kilo 6 na kitu tu.

Kilichonisumbua kuliko njaa ni maneno ya watu. Walimwuliza mke wangu kama naumwa, au kama siku hizi hapiki. Mzee mmoja aliniambia kwa huruma kwamba heshima yangu imeanza kupungua. Ndugu zangu, heshima gani hiyo inayopimwa kwa mshipi? Mradi tunauita unene cheo, kila atakayejaribu kuuondoa ataonekana kama mtu aliyeshushwa cheo.

Kwa hiyo naleta mashauri matatu mbele ya Chama. Chai ya mkutano wa kila mwezi ipikwe bila sukari, na sukari iwekwe kando kwa aitakaye. Chama kinunue mizani moja na kanda ya kupimia kiuno, kila mtu ajipime kwa siri na kuandika katika daftari yake mwenyewe. Na wakaao njia moja waende nyumbani kwa miguu pamoja baada ya mkutano. Wenye kutumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu wamwone tabibu kwanza kabla ya kubadili chakula.

Kibaba kilichojazwa kwa miaka 12 hakimwagwi kwa wiki tano. Lakini wazee walisema pia kwamba chovya-chovya humaliza buyu la asali. Nangojea maoni ya wenzangu.

Wako mtiifu,
Karani wa Masjala