Nakuru Imekuwa Jiji, Kaptembwo Je?

Tangu tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ni jiji, la nne nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Sisi wa pwani hatuna sababu ya kuona kijicho. Mji huo ni ndugu yetu wa reli: reli iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 ndiyo iliyofika Nakuru mwaka 1900 na kuukuza mji. Hata mtaa wake mmoja wa kale unaitwa Bondeni, kama Bondeni yetu ya Mombasa. Basi ndugu akipata cheo, nduguye hampi hongera tu. Humwuliza pia, nyumbani kwako wamekula?

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu mjini Nakuru watu 570,674. Hawafikii nusu ya Mombasa, iliyohesabiwa 1,208,333, lakini si haba. Hata hivyo, hesabu ya vichwa haitoshi. Ninalouliza ni hili: mikono ya watu hao ina kazi gani?

Atakaye jibu na aende Kaptembwo, upande wa magharibi wa jiji. Huko ndiko wanakolala wengi wa wale wanaoliamsha jiji asubuhi. Ploti moja ina vyumba vingi vya kupanga, choo ni cha shirika, na milango inafuatana: Mkikuyu, Mkalenjin, Mluo, Mluhya, Mkisii. Kinachowaunganisha ni kodi ya mwisho wa mwezi na Kiswahili. Kukipambazuka, huyu anakwenda kutafuta kibarua cha ujenzi, yule anawasha bodaboda, mama anapanga sukuma wiki na nyanya, mwingine anafungua robota la mitumba.

Zamani tegemeo lilikuwa kiwanda. Pareto, zao ambalo kwa miaka mingi Kenya iliongoza duniani, ilisindikwa Nakuru. Wakulima walipokosa kulipwa, waliing'oa, na mitambo ikakosa kazi. Kiwanda cha betri cha Eveready nacho kilifungwa mwaka 2014, baada ya betri rahisi za kutoka ng'ambo kujaa sokoni. Mshahara ukaondoka, na bodaboda ikashika nafasi yake.

Kazi ikikosekana, jirani hugeuka mshindani. Mwezi wa Januari 2008, baada ya uchaguzi, Kaptembwo ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoingia motoni, na watu waliokuwa wakiazimana chumvi wakahamana. Walioleta kiberiti ni wanasiasa, lakini nathubutu kusema kwamba kijana asiye na kazi ni kuni kavu.

Mwaka huohuo wa 2021, UNESCO iliiingiza Nakuru katika orodha yake ya miji ya ubunifu, kwa kazi za mikono na sanaa za jadi. Sifa njema hiyo. Lakini sifa ya mikono iwafae wenye mikono. Seremala, fundi cherehani na mfua bati wa jua kali wapewe mahali pa kudumu, umeme na soko, wala wasifukuzwe kila barabara inapopanuliwa. Kibarua naye alipwe kwa wakati: sisi tuliopita chuoni tumefunzwa tangu udogoni kwamba ujira haungoji jasho likauke.

Wala asiseme mtu kwamba haya ni ya bara. Mwaka 2019 makontena yalipoamriwa kupanda reli mpya, vijana wetu wa malori na wa mabohari walikaa vijiweni, mpaka amri hiyo ilipoondolewa mwaka 2022. Kwa hivyo twaijua njaa ya mji wenye jina kubwa. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mkubwa akija kutuahidi hadhi mpya ya mji, tumsikilize kwa adabu, kisha tumwulize kwa adabu vilevile: kazi ziko ngapi?